Roboti ya watoto wa kaka inazunguka tu haipandi, na masharti ni mota mbili basi

Shangazi_wa_Kabwe

Kamwene, ugonile, na wengine wote habari za likizo. Mi ni mtu wa nywele, saluni yangu ipo huku Kabwe Mbeya, mambo ya saketi nayasikia redioni tu, kwa hiyo mtakaonijibu nijibuni kama mnamjibu mtu asiyejua kitu.

Kaka kaniletea wanae wawili toka Makambako tangu shule zifungwe, wa kike kamaliza kidato cha pili, wa kiume yupo la sita. Huku mtaani kuna vijana wa chuo wameanzisha mashindano ya roboti kwa wanafunzi walio likizo, fainali ni Jumamosi ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa Januari. Nikasema afadhali, kuliko washinde na simu yangu wananimalizia bando.

Sasa masharti yake ndo yamenichosha. Mota zisizidi mbili na ziwe tupu, yaani isiwe imekuja na boksi lake la gia. Betri 4 za AA, zile za rimoti. Waya na swichi ruksa. Mwili wote uwe wa mianzi, maboksi, makopo, kandambili, vifuniko vya chupa, spoku za baiskeli na mipira, matairi ya dukani hamna, gia hamna hata za kung'oa kwenye midoli, ubao wa kompyuta hamna, gundi ya moto hamna, halafu isizidi kilo 1 na iingie kwenye boksi la sentimita 30 kwa 30 maana wanapima mlangoni. Kazi yenyewe ni kusukuma viazi mviringo vitano kwenye ubao wa mita 2 uliolazwa kimlima, upande mmoja umepandishwa juu ya matofali mawili, dakika 3, unaiongoza na rimoti ya waya.

Watoto wakafungua draya yangu mbovu iliyokuwa uvunguni (sikuulizwa) wakatoa mota, ya pili wametoa kwenye kigari cha mdoli. Wamekata matairi ya kandambili wakachomeka mota katikati moja kwa moja. Ukiishika juu juu matairi yanazunguka mpaka raha, ukiiweka chini inaenda mduara kama kuku anayetafuta pa kutagia, ukiiweka kwenye ubao inanguruma afu inasimama, ukigusa mota ya moto. Na betri nimenunua juzi tu saa hizi zimeshachoka. Tatizo ni mota, betri au hao watoto? Na jamani ni haki kweli, maana nasikia kuna timu ya watoto wa shule za hela wana maboksi ya roboti ya kununua nyumbani kwao, hawa wangu wana kandambili.

FundiRedio_Mwanjelwa

Shangazi pole, hapo kwenye draya nimecheka mwenyewe kijiweni.

Tatizo la kwanza ni mota hazifanani. Draya nyingi za mkononi mota yake ndani ni kadogo ka DC, yaani umeme kama wa betri, ukiangalia nyuma utaona kamebebeshwa dayodi nne, vile vidude vinavyopitisha umeme upande mmoja tu. Umeme wa ukutani unapunguzwa na ule waya unaowaka, dayodi zinaunyoosha, mota inapata kama volti 12 mpaka 24 hivi kutegemea na draya. Wewe unaipa betri za rimoti, itakuwa kama ng'ombe amepewa kikombe cha maji. Ya kwenye kigari yenyewe imetengenezwa kwa volti 3 hivi, kwa hiyo huku mmoja anakimbia huku mwingine anajikongoja, lazima izunguke. Tafuta mbili zinazofanana, ikiwezekana toka kwenye midoli pacha. Hapa Mwanjelwa ukipita kwa wauza midoli chakavu hukosi, mimi mwenyewe nina kopo zima la vimota vya vigari.

Tatizo la pili, mota tupu ina mbio haina nguvu. Ikiwa haina mzigo elfu 10 kwa dakika siyo ajabu, sasa ukiichomeka katikati ya tairi unamwambia sungura alime. Gia wamekataza, sawa, lakini hawajakataza msuguano. Tairi likae kwenye spoku yake peke yake lizunguke huru, halafu mota ikae juu yake, ncha yake iguse ukingo wa tairi na kulisukuma. Ncha ya mota ni milimita 2, ivishe kale kampira kembamba ka vali ya baiskeli inakuwa kama 4, tairi likiwa la milimita 80 hapo umepunguza mbio mara 20 bila gia hata moja. Ukitaka nguvu zaidi kata tairi kubwa zaidi, shangazi unayo kandambili ya namba 10 humo ndani?

Betri usiunge zote nne mstari mmoja. Mbili kwa mota hii, mbili kwa mota ile, kila moja na volti 3 zake. Hata moja ikikwama haimnyonyi mwenzake.

Kijiwe_Sokomatola

Samahani lakini hiyo siyo roboti, hicho ni kigari cha waya. Roboti inajiendesha yenyewe, ina sensa za kuhisi vitu, ina programu. Sisi utoto wetu tulitengeneza malori ya mabati yana mpaka springi tukayavuta kwa kamba na hakuna aliyetupa kombe. Hao vijana wa chuo wangewapa watoto Arduino, kale kaubao kadogo ka kompyuta, wajifunze dunia inakoenda, badala ya kuwarudisha kwenye kandambili.

Mwalimu_Fizikia_IR

Habari za huko Mbeya, mi nipo Iringa, Kihesa, nafundisha fizikia na nimeshakaa na watoto kwenye mambo haya likizo kadhaa.

Kwanza FundiRedio mkubwa wangu umesema vizuri ila pale kwenye ukubwa wa tairi umeteleza, na ni mtelezo ambao kila mtu anaufanya, hata mimi mwaka wa kwanza. Ncha ya mota ikigusa ukingo wa tairi uleule unaogusa chini, ukubwa wa tairi hausaidii kitu. Fikirieni, ukingo wa tairi unakwenda kwa mwendo wa ule mpira wa mota, na ardhi inapita kwa mwendo wa ukingo, tairi liwe la kandambili ya mtoto au sahani ya kulia ni ileile. Piga hesabu: mpira wa milimita 4 mzingo wake ni kama milimita 12.5, mota ikiwa na mzigo tuseme inazunguka mara 5,000 kwa dakika, unapata mita 62 kwa dakika, zaidi ya mita 1 kwa sekunde. Hiyo ni mbio ya kukimbizana na kuku, viazi vitatupwa nje ya ubao kama havijaikwamisha kwanza.

Dawa yake ni spoku ya pili. Juu ya tairi weka spoku nyingine iliyolala, hiyo iwe na duara kubwa la kandambili, milimita 80 hivi, na pembeni yake kwenye spoku hiyohiyo roli dogo la milimita 20, kipande cha muanzi kilichovishwa mpira wa tyubu kinatosha. Mota inasugua duara kubwa, roli dogo linasugua tairi. Mwendo unagawanyika tena kwa 4, mnabaki na kama sentimita 26 kwa sekunde, ubao wa mita 2 mnaumaliza kwa sekunde 8 hivi, na nguvu imeongezeka karibu mara nne ukitoa inayopotea kwenye msuguano. Mota msiifunge ikakaza, muifunge upande mmoja kama bawaba halafu rababendi iivute ikandamize duara. Ikilegea inateleza, ikibana sana mota inalemewa, hapo watoto watacheza nayo jioni nzima wapate wenyewe.

Pili, mlimani uzito unarudi nyuma, kwa hiyo matairi yenye mota yakae nyuma na betri ziwe juu yake. Mbele weka kifuniko cha chupa kiteleze tu. Na matairi ya kandambili peke yake kwenye ubao wenye vumbi ni kama sabuni, yavisheni mpira wa tyubu ya baiskeli.

Kijiwe_Sokomatola, ndugu yangu, kwenye mashindano ya FIRST ya Marekani, taasisi aliyoianzisha Dean Kamen mwaka 1989, roboti inajiendesha yenyewe sekunde chache tu za mwanzo, muda mwingi uliobaki wanafunzi wanaiongoza kwa mkono na wote wanaiita roboti. Na hili la kubana vifaa siyo umaskini wa Mbeya. Pale MIT, chuo cha Marekani, tangu miaka ya 1970 wanafunzi wa uhandisi walikuwa wanapewa mfuko wa vikorokoro, kila mtu uleule, tengeneza mashine ishindane, profesa Woodie Flowers ndo aliyeyakuza mpaka yakawa maarufu, na huyohuyo baadaye akashirikiana na Kamen. Walikuwa na mengine yaliyoitwa 6.270, ya mwezi Januari masomo ya kawaida yakiwa yamesimama, hayo roboti zilikuwa zinajiendesha zenyewe na zinajengwa kwa LEGO, vile vipande vya plastiki vya kuchomekana, za kwenye mfuko waliopewa. Chuo chenye hela zake wanabana, maana ukimwachia mtu anunue chochote unapima mfuko wa baba yake.

Kijiwe_Sokomatola

Sawa mwalimu nimekusikia, ila na sensa moja tu wangeweka haingeua mtu.

Mianzi_Tukuyu

Mi nachangia hapo kwenye mianzi tu maana naona wote mnaruka. Msikate muanzi mbichi leo mkajengea leo, ukikauka unasinyaa kamba zote zinalegea na spoku zinaanza kucheza, mtalaumu mota bure. Chukueni uliokauka, wa fito za zamani au hata mguu wa kiti kibovu. Na tundu la spoku msitoboe kwa msumari na nyundo, unapasuka mpaka mwisho kama kuni. Pasheni spoku moto kwenye jiko la mkaa mpaka iwe nyekundu (shangazi ushike wewe na koleo, siyo watoto), unaisukuma taratibu inatoboa tundu safi la saizi yake, harufu nzuri kama unachoma mahindi. Fungeni kwa vipande vya tyubu, inabana kuliko gundi, ndaga fijo (asante sana).

Mama_Betri_Uyole

Dada angu umesema betri zimechoka baada ya siku mbili, zile za bei rahisi zinazoandikwa kwa ajili ya saa na rimoti eh? Hizo za kaboni mota ikikwama zinalegea palepale maana haziwezi kutoa mkondo mkubwa, na hii baridi ya mvua ya kwetu ndo haizisaidii. Chukua za alkalaini siku ya mashindano. Ila kama wamesema AA tu bila kutaja aina, waulize kama za kuchaji zinaruhusiwa, zile zimeandikwa volti 1.2 kila moja, watu wanazidharau kwa sababu ya 1.2, lakini mzigo ukija zinashika bila kulegea. Mwanangu anatumia hizo kwenye kigari chake mwaka sasa.

Shangazi_wa_Kabwe

Nimerudi watu wangu, siku nne zimepita mniwie radhi, saluni msimu huu wa sikukuu sijui hata nakula saa ngapi.

Jumatano nimewapeleka kwa FundiRedio, asante kaka, katupa vimota viwili pacha toka kwenye kopo na hela kakataa, kasema nimtengenezee mke wake nywele. Kwa vijana wa chuo nimeuliza maduara ya kandambili kama yanahesabika gia, wakakaa wakashauriana kama mahakama afu wakasema kisichokuwa na meno na mmekikata wenyewe siyo gia. Betri za kuchaji nazo ruksa. Na ile timu ya maboksi nimewaona, mwalimu umesema kweli, kila kitu chao kimekataliwa mlangoni na wenyewe sasa wanaokota kandambili huko mitaroni kama sisi.

Mwalimu, hawa watoto hawakukusikia mara ya kwanza. Waliona spoku ya pili ni kazi, wakaweka duara kubwa na tairi dogo kwenye spoku moja. Wamemaliza, wamefunga, wameita mpaka majirani, kuiweka chini duara kubwa linasugua sakafu tairi dogo linaelea hewani! Yule wa kike akakaa kimya akiiangalia kama dakika tano, afu akaanza kuifungua mwenyewe bila kuambiwa. Jana usiku umeme umekatika, nimewakuta na tochi ya simu (yangu) wanafunga spoku ya pili.

Leo asubuhi imepanda. Haiendi mbio ila inapanda inalia kama cherehani, naapa nimepiga vigelegele wateja wakatoka na rola kichwani. Zimebaki shida mbili. Moja viazi vinakwepa, ikisukuma vinazungukia pembeni vinarudi chini, kwa safari moja inafikisha viwili. Pili haijui kurudi nyuma, ikipotea njia mpaka uinyanyue na kuinyanyua ni adhabu.

FundiRedio_Mwanjelwa

Hongera sana! Wife tayari ananikumbusha kuhusu nywele.

Kurudi nyuma ni swichi tu. Njoo uchukue swichi mbili za miguu sita, zile kidole chake kinakaa katikati kikiachiwa, mbele na nyuma. Miguu miwili ya kati inaenda kwa mota. Miguu miwili ya juu inaenda kwa betri, chanya kushoto hasi kulia. Afu ya juu unaiunganisha na ya chini kwa msalaba, yaani juu kushoto kwenda chini kulia, juu kulia kwenda chini kushoto. Ukisukuma huku mota inapata umeme hivi, ukisukuma kule unageuka, mota nayo inageuka. Swichi moja kwa kila mota. Zote mbele inanyooka, moja mbele moja nyuma inageukia palepale, ndo utaiona raha ya kuendesha. Waambie wachore kwanza kwenye daftari, ule msalaba wakiukosea wanaunganisha chanya na hasi za betri moja kwa moja, na hizo za kuchaji hazina utani zinaweza kuwachoma vidole.

Waya wa rimoti usiwe ule wa spika mwembamba wa mita tatu, volti zenyewe ni 3 tu zitaishia njiani. Nina vipande vya waya wa nyumba vilivyobaki kazini, ni mgumu kidogo ila umeme unafika.

Mwalimu_Fizikia_IR

Huyo binti aliyekaa dakika tano kimya mwambie nimemsalimia.

Viazi vinakwepa kwa sababu mbele pamenyooka kama ukuta, kiazi kina mgongo kikiguswa pembeni ya katikati kinabingirika zake. Wawape mikono miwili ya muanzi mbele iliyofunguka kama herufi V, kiazi kikiingia kinajipeleka chenyewe katikati. Ila wapime, maana ikiwa imefunguka lazima iingie kwenye boksi la sentimita 30. Wenzao hapa kwetu waliwahi kuitundika mikono kwa rababendi ikakunjwa wakati wa kupimwa na kufunguka ikiwashwa, sijui kama huko masharti yanaruhusu, waulizeni ile mahakama yenu.

Na wasilazimishe vitano kwa mara moja. Dakika 3 ni sekunde 180, kupanda wanatumia ngapi?

Shangazi_wa_Kabwe

Kama 15 mwalimu, siyo 8 ulizosema.

Mwalimu_Fizikia_IR

Basi mota zinalemewa zaidi ya nilivyokisia, au kuna mahali panateleza, waangalie kama mpira wa vali umeanza kung'aa wabadilishe. Lakini hata hivyo kupanda 15, kurudi 15, kujipanga 10, safari nne zinaenea kabisa. Viwili, viwili, kimoja, na safari moja ya akiba kwa kitakachoanguka. Mwenye papara ndo atakwama katikati na mzigo.

Mianzi_Tukuyu

Na viazi mnafanyia mazoezi vya aina gani? Msije mkazoea vile vidogo vya kwenye ndoo ya mwisho mkakuta siku ya siku wamewawekea midude ya Isyonje.

Shangazi_wa_Kabwe

Haa hilo sikuwaza, leo nanunua vikubwa. Mikono ya V wameshaanza kukata, mahakama imesema ikunjwe ifunguke wao hawana neno ila isirushe kitu.

FundiRedio kesho saa nne nakuja kuchukua swichi na huo waya, nakuja na mifupa ya draya maana mota yake ipo tu mezani haina kazi tena. Hebu nirudishie ndani uniambie kama inafufuka, maana mi nimebaki na draya moja.

FundiRedio_Mwanjelwa

Lete, ila lete na zile dayodi nne, usiniambie wametengenezea hereni.

Shangazi_wa_Kabwe

Tatu ninazo. Ya nne ngoja nimuulize wa la sita.